Wakiondoka, Daftari Linabaki na Nani?

Tarehe 25 Juni 2024 Wakenya wengi tunaikumbuka kwa jambo moja, vijana kuingia bungeni Nairobi na risasi zilizofuata, lakini siku hiyohiyo ndege iliyobeba polisi wetu wa kwanza waliotumwa kupambana na magenge ilikuwa inatua Port-au-Prince, Haiti. Yaani askari wa Kenya kule anapokelewa kama mkombozi na askari wa Kenya huku watu wanamrekodi na simu huku wakimkimbia. Tume ya taifa ya haki za binadamu, KNCHR, kufikia Julai mosi ilikuwa ishahesabu watu 39 waliouawa kwenye maandamano. Na hesabu kama hizo hazidondoki kutoka mbinguni, ni mtu kaenda mochari, kaenda hospitali, kauliza familia, kaandika jina na mahali na saa, mtu mwengine akahakikisha.

Sasa hapa Mombasa tulipobishana kuhusu Haiti kwenye kahawa, maneno yote yalikuwa ya bunduki. Polisi wangapi, silaha gani, nani analipa, Marekani inatutumia ama sisi ndo tunaitumia. Na mahakamani pia, Januari 2024 Mahakama Kuu ilisema kuwapeleka polisi kule ni kinyume cha katiba, serikali ikatafuta njia ya mkataba na Haiti, safari ikaendelea. Sikumsikia mtu akiuliza nani ataandika. Wakati Haiti hiyohiyo, miaka thelathini nyuma, ilipokea wageni wa aina nyingine kabisa, raia tu, hawana hata rungu, kazi yao ni kusikiliza watu na kuandika walichosikia.

Misheni za namna hii mimi naona zinapimwa vibaya. Kila mara swali ni lilelile, je walizuia mauaji? Na jibu mara nyingi ni hapana, basi watu wanacheka wanasema mzungu kaja na daftari kukabili bunduki. Lakini daftari halikuletwa kuzuia risasi. Kipimo changu mimi ni siku ya kuondoka: wakishapanda ndege, yale maandishi yanabaki mikononi mwa nani, na yule mama aliyefungua mdomo anabaki na nani.

Tuanze na Haiti yenyewe. Septemba 30, 1991 wanajeshi wa Jenerali Raoul Cédras walimpindua Jean-Bertrand Aristide, padri aliyekuwa kachaguliwa rais na hata mwaka hajamaliza ikulu. Akiwa uhamishoni Aristide akaomba walimwengu walete waangalizi, na Februari 1993 Umoja wa Mataifa ukishirikiana na OAS, lile shirika la nchi za Amerika, wakapeleka misheni ya kiraia iliyojulikana kwa jina la MICIVIH, mkuu wake bwana mmoja wa Trinidad na Tobago, Colin Granderson. Jamaa hawakukaa mji mkuu tu kwenye hoteli. Walifungua ofisi mikoani, wakafika wapatao 200, wakawa wanaingia vijijini kwa wale askari wa mashambani waliokuwa wanatawala kijiji kama shamba la baba yao, wanabisha hodi jela, wanauliza huyu mfungwa kafanya nini na mbona mgongo wake uko hivi. Mara nyengine walifunguliwa mlango, mara nyengine walifukuzwa. Wote walikuwa wanaandika, na wakiandika wanarudi tena kesho kuuliza upya.

Huko kurudi kesho ndo watu hawakuelewi. Askari wa kijijini alikuwa hajazoea mtu wa kurudi. Alizoea kwamba ukimpiga mtu leo, kesho mambo yashasahaulika, na hata yule aliyepigwa anakuamkia. Sasa wanakuja watu na gari jeupe, wanamtaja kwa jina, wanamwambia tarehe, wanamwambia tumeona kovu. Haachi kwa sababu kaingiwa na huruma, anaacha kidogo kwa sababu anajiuliza hii karatasi inakwenda kwa nani.

Halafu ikaja Septemba 1993. Mfanyabiashara Antoine Izméry, mtu wa Aristide, alikuwa kanisani kwenye misa ya kuwakumbuka waliouawa, akatolewa nje akapigwa risasi mchana kweupe. Misheni ikachunguza na kutoa ripoti inayoonyesha mkono wa wenye dola. Mwezi uliofuata, tarehe 11 Oktoba, meli ya Marekani kwa jina Harlan County ikaja bandarini na wanajeshi kama 200 wa Marekani na Canada waliokuwa waje kusaidia mpango wa kumrudisha Aristide, ikakuta wahuni wanapiga kelele gatini, ikageuza. Meli ya Marekani, walahi, ikageuza kwa ajili ya kelele za gatini. Siku chache baadaye, tarehe 14, waziri wa sheria Guy Malary akauawa barabarani. Hapo misheni ikafunga virago ikahamishiwa nchi jirani, Jamhuri ya Dominika.

Sasa tulia hapa kidogo ndugu yangu, manake ripoti nyingi zinapita hapa haraka haraka, zinasema "wafanyakazi walihamishwa kwa sababu za usalama" basi zimeendelea na mengine.

Chukulia wewe uko Likoni ama Kisauni. Gari jeupe lenye bendera limesimama nje ya nyumba yako saa nzima, mtaa mzima umeliona, watoto wamelizunguka, jirani aliye na kaka yake polisi kaliona. Wewe ndani umeeleza mwanao kachukuliwa na nani, umewataja wawili unaowajua kwa sura. Yule mgeni kakwambia kwa upole maneno yako ni siri, kaandika, kakushukuru, kaenda. Mwezi mmoja baadaye gari halipo, ofisi imefungwa kufuli, na wale wawili uliowataja bado wanakaa nyumba ya tatu kutoka kwako. Haiti ndo ilikuwa hivyo. Ndani ya mwaka huohuo 1993 lilikuwa lishaundwa kundi la FRAPH, wahuni wa kiraia wanaoshirikiana na jeshi, na waangalizi walipoondoka Oktoba kundi hilo likapata uwanja. Hakuna bima ya shahidi, hakuna namba ya simu ya kupiga.

Wachache wakarudi Januari 1994. Na kurudi kwao hakukuzuia Raboteau. Raboteau ni mtaa wa maskini ulio kando ya bahari katika mji wa Gonaïves, watu wa uvuvi na vibarua, mtu wa Mombasa hahitaji kuelezewa mtaa wa namna hiyo. Alfajiri ya tarehe 22 Aprili 1994 wanajeshi na FRAPH waliuzunguka, watu wakakimbilia kule wanakokimbiliaga siku zote, baharini, kwenye madau, na wakakuta wenye bunduki wanawasubiri. Waliouawa hawajulikani wote mpaka leo, wengine waliliwa na maji. Julai mwaka huo utawala ukawapa waangalizi masaa 48 waondoke nchini. Wakaondoka tena.

Kwa hiyo ukipima kwa swali la barazani, je walizuia? Wamefeli. Lakini subiri. Septemba 1994 majeshi yakiongozwa na Marekani yakaingia Haiti, Aristide akarudi Oktoba, na misheni ikarudi ikakaa mpaka 2000. Na mwaka huo wa 2000 ndo kesi ya Raboteau ikasikilizwa Gonaïves kwenyewe, si Hague wala wapi, mahakama ya Wahaiti na majaji wao na wazee wa baraza wao, maiti zimefukuliwa na wataalamu, mashahidi wavuvi na wachuuzi wanasimama, na nyaraka za waangalizi zikiwa sehemu ya ushahidi uliowekwa mezani. Novemba watu 16 waliokuwa kizimbani wakapatikana na hatia, kisha wengine 37 wakahukumiwa bila kuwepo, akiwemo Cédras mwenyewe. Kuna kanali mmoja kati ya hao aliyekuwa kakimbilia Florida na huko akashinda bahati nasibu ya dola milioni 3.2, wanasheria wakamfuata mpaka kwenye hizo pesa, na mwaka 2008 zaidi ya dola 400,000 zikawafikia waathirika wa Raboteau. Mungu ana mambo yake.

Sitaki kuipamba hadithi. Mwaka 2005 mahakama ya juu ya Haiti ikafuta hukumu za karibu wote waliokuwa kizimbani, kwa hoja ya utaratibu. Na kuna kingine kilichoniuma zaidi nilipokisoma, wanajeshi wa Marekani walipoingia 1994 walibeba karatasi za jeshi la Haiti na za FRAPH, kurasa kama 160,000, wakaenda nazo kwao. Serikali ya Haiti ikadai miaka. Ziliporudi, kesi kubwa zishapita na majina mengine yamefutwa kwa wino mweusi. Hizo kurasa ndo zilikuwa daftari la upande wa pili, la waliokuwa wakitoa amri.

Kwa hiyo karatasi ina mwenyewe, na mwenyewe akiwa mwengine inabadilika kazi. Sisi hapa tunalijua hilo kwa sababu ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Mwanao amechukuliwa na Subaru isiyo na namba, unakwenda kituoni, la kwanza unaloambiwa, haya andikisha, chukua namba ya OB. Na wewe unashukuru kwa namba, unaikunja kwenye pochi. Lakini kile kitabu cha OB kinakaa kwa nani? Kinakaa kwa yuleyule unayemshuku. Kurasa ni zake, kalamu ni yake, na siku wakili wako akiomba nakala ataambiwa kitabu kile kimejaa kikapelekwa stoo. Misheni ya waangalizi ni OB ya pili ambayo polisi hawana ufunguo wake. Kazi yake kubwa ni hiyo basi.

Ndo maana siwezi kuvumilia misheni za siri. Al-Khalil, yaani Hebron ya Palestina, mji wa Nabii Ibrahim, kila Muislamu wa hapa anajua kilichotokea msikitini Ramadhani ile ya 1994, waumini 29 wakapigwa risasi, wakaswaliwa wao badala ya kumaliza kuswali. Baada ya hapo wakawekwa waangalizi, TIPH, walikaa mfululizo tangu 1997, watu wa Norway, Sweden, Denmark, Italia, Uswisi na Uturuki, hawana silaha, wanatembea na fulana zao mitaani. Waliandika miaka zaidi ya ishirini. Lakini ripoti zao kwa mkataba zilikuwa zinakwenda kwa Israel, kwa Mamlaka ya Palestina na kwa zile nchi zilizowatuma, basi. Mkaazi wa Al-Khalil aliyeandikwa mle ndani hana haki ya kusoma. Mwisho wa 2018 gazeti moja la Israel likapata na kuchapisha yaliyovuja, matukio zaidi ya 40,000, na Januari 2019 Netanyahu akakataa kuongeza muda, wakaondoka. Matukio arubaini elfu kabatini! Mtu akisema waangalizi ni pambo, mimi nitamwelekeza hapo, hapo nakubaliana naye kabisa.

Kwa majirani zetu hadithi ni ya namna nyingine. Rwanda baada ya mauaji ya kimbari Umoja wa Mataifa ulipeleka kikosi cha waangalizi wa haki za binadamu, kikawa na watu zaidi ya mia. Februari 1997 watano kati yao waliuawa kule Cyangugu wakiwa kazini, Muingereza mmoja, Mkambodia mmoja na Wanyarwanda watatu. Hao Wanyarwanda huwa wanatajwa mwisho. Mwaka uliofuata serikali ikasema sawa kaeni lakini acheni kuangalia, tufundisheni tu semina, na Mary Robinson aliyekuwa Kamishna Mkuu wa haki za binadamu akakataa, ofisi ikafungwa Julai 1998. Na mimi nasema alifanya vizuri, manake misheni inayokubali kubaki kwa bei ya kufumba macho inageuka kuwa muhuri, serikali inapiga nayo picha na kusema hawa hapa wageni wetu, waulizeni kama kuna tatizo.

Burundi ndo inayotuhusu kwa lugha na damu, Bujumbura ukienda Buyenzi unaongea Kiswahili chako kama uko Majengo. Mwaka 2015 rais Nkurunziza kaingia muhula wa tatu, watu barabarani, risasi, maiti asubuhi. Desemba Umoja wa Afrika ukapitisha kupeleka wanajeshi 5,000, Burundi ikasema wakija ni wavamizi, Januari viongozi wetu wakarudi nyuma. Kilichobaki ni ahadi ya waangalizi 100 wa haki za binadamu na wataalamu 100 wa kijeshi. Walioletwa hawakufika hata nusu, na mkataba wa kuwapa ruhusa ya kufanya kazi sawasawa serikali haikuusaini. Yaani mtu yuko hotelini Bujumbura, anakula mukeke, ana kitambulisho cha Addis Ababa, na akitaka kuingia jela hana karatasi. Mwaka 2019 Burundi ikaifunga na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, iliyokuwa hapo miaka 23. Waliokuwa wakitaka kusimulia ilibidi wavuke kwanza, na wengi walisimulia wakiwa Kigoma, kwenye kambi za Nyarugusu na Nduta. Ndo uone, daftari likikatazwa ndani linafunguliwa mpakani, lakini aliyeshindwa kuvuka hayumo.

Sasa kuna wale watakaosema, we nawe, hao ni majasusi tu. Hoja hii naisikia kila siku na siwezi kuitupa, manake ina miguu. Kosovo, iliyokuwa chini ya Waserbia, Oktoba 1998, shirika la usalama la Ulaya OSCE liliruhusiwa kupeleka wahakiki hadi 2,000 wasio na silaha, mkuu wao William Walker, Mmarekani aliyekuwa balozi El Salvador wakati wa vita. Januari 1999 akaenda kijiji cha Račak, akaona maiti, akasema mbele ya kamera haya ni mauaji ya raia. Machi 20 wahakiki wakaondolewa, Machi 24 ndege za NATO zikaanza kupiga. Waserbia mpaka kesho watakwambia hao walikuja kupima shabaha. Maiti za Račak zilikuwa za kweli, na hofu ya Waserbia pia ina msingi, yote mawili yanakaa pamoja. Misheni yenye nchi moja kubwa mgongoni mwake huwa inabeba mzigo huo hata kama kila mwangalizi ni mtu safi wa swala tano.

Lakini mwenye hoja hii huwa ananyamaza ukimtajia El Salvador penyewe, ambako waangalizi wa ONUSAL, misheni ya Umoja wa Mataifa, waliingia Julai 1991 vita bado vinapigwa, kabla hata ya kusimamisha mapigano, kwa sababu serikali na waasi wenyewe walisaini mwaka uliotangulia kwamba haki za binadamu zisingoje amani. Ama Aceh, Waislamu wenzetu wa Indonesia, 2005 baada ya tsunami, Ulaya na nchi za ASEAN wakaleta waangalizi kwa mwaka mmoja na kitu, waasi wakatoa silaha 840 walizoahidi, jeshi likapunguza watu wake, kazi imekwisha wageni wakaenda zao. Pale pande mbili zilichoka na zilitaka shahidi. Asiyetaka shahidi ana sababu yake.

Turudi nyumbani basi, manake tunapenda kuongea ya watu. Pwani hii ilipata msiba wake Agosti 1997, kituo cha polisi Likoni kikashambuliwa usiku, kisha ndugu zetu wa bara wakawindwa nyumba kwa nyumba Likoni mpaka Kwale, wakafa zaidi ya 100, wakahama kama laki moja. Hakuna misheni iliyokuja na gari jeupe. Mwaka 2008 baada ya uchaguzi timu ya Umoja wa Mataifa ilikuja wiki tatu hivi, ikaandika, ikaenda, na tume ya Jaji Waki ikahesabu vifo 1,133. Maandishi yalikuwepo ya kutosha. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama na waliosema. Kesi za Hague tunajua zilivyoishia, ya mwisho ilifungwa Aprili 2016 na jaji mmoja akaandika wazi kwamba mashahidi waliingiliwa na siasa ziliingia mno. Kile ndicho kilichotokea Haiti Oktoba 1993, tofauti ni kwamba huku hakuna hata aliyelazimika kupanda ndege.

Aliyeshika daftari Mombasa miaka yote ni watu wa hapahapa. Haki Africa, shirika la haki za binadamu, mwisho wa 2016 walitoa orodha ya watu 81 waliouawa ama kupotezwa Pwani tangu 2012, jina kwa jina. MUHURI, shirika lingine kama hilo, nao wamo, na Aprili 2015, baada ya mauaji ya Garissa, serikali iliwaweka wote wawili kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuhusiana na ugaidi, akaunti zikafungwa, na Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaja kuwasafisha mwaka huohuo. Miezi ile waliendeshaje kazi mimi sijui, lakini mwaka uliofuata ile orodha ikatoka.

Nimewahi kukaa pembeni nikiangalia kijana wa kazi hiyo akimhoji mama. Mama kaja na bahasha ya kaki imechakaa pembeni, ndani picha ya paspoti ya mwanawe, kopi ya kitambulisho, na kikaratasi cha namba ya OB wino umeanza kufifia kwa jasho. Yeye anataka kusema nani kamchukua, anarudia rudia polisi, polisi. Kijana hakumkatiza, kamwacha amalize, halafu kaanza kuuliza vitu ambavyo kwanza niliviona vya kipuuzi, ilikuwa kabla ya adhana ya Magharibi au baada, taa za gari zilikuwa zimewaka, waliovaa raia walikuwa na viatu gani, nani mwengine barazani alikuwa amekaa, yule mwenye duka alikuwa hajafunga? Viatu. Mama akasema buti, zile nyeusi za kamba, alafu akanyamaza, alafu akakumbuka na jina la aliyekuwa akinunua mkate dukani. Hapo ndo nilielewa tofauti ya kilio na ushahidi, na kijana hakuwa na elimu ya Geneva, alikuwa ni mtoto wa mtaa huohuo anayejua duka lenyewe linafungwa saa ngapi.

Ndo maana siamini misheni yoyote, iwe ya UN iwe ya Addis, inayokuja na wataalamu wake ikawatumia watu kama kijana huyu kuwa madereva na wakalimani. Siku ya kuhamishwa wageni wanapewa viti kwenye ndege, mkalimani anapewa barua ya shukrani. Mtu wa hapo ndo angekuwa ameshika nakala, angekuwa na jina kwenye ripoti kama anataka, na angekuwa na kiti kwenye ile ndege.

Na sasa Haiti tena, ila safari hii sisi ndo wageni. Ofisi ya Umoja wa Mataifa kule, BINUH, inaandika, ndo tunajua kwamba mwaka 2024 peke yake waliuawa watu zaidi ya 5,600, na ripoti zao haziwahesabu waliouawa na magenge peke yao, zinawahesabu na waliouawa kwenye operesheni za polisi. Azimio 2699 la Oktoba 2023 lililotupa kazi hiyo lilitaka kuwe na utaratibu wa kusimamia haki za binadamu ndani ya kikosi chenyewe, na Wahaiti wana sababu ya kulidai hilo, manake kikosi kilichotangulia, MINUSTAH, kiliwaletea kipindupindu 2010 kilichoua kama watu 10,000 na Umoja wa Mataifa ukachukua miaka sita kuomba radhi, mbali na watoto waliozaliwa na askari wa kigeni ambao baba zao walipanda ndege. Septemba 2025 Baraza la Usalama lilipitisha tena azimio, 2793, la kuigeuza misheni kuwa kikosi cha kupambana na magenge chenye polisi na wanajeshi hadi 5,500.

Vijana wetu kule wamekuwa kwenye hatari ya kweli, mmoja aliuawa Februari 2025 na familia yake iko hapa Kenya, sisemi haya kwa kuwadharau. Nasema mbunge wa Pwani anayetaka kura yangu aniulizie mambo mawili kwenye kamati ya usalama. Mwanamke wa Port-au-Prince akipigwa na askari wa Kenya, malalamiko yake yanaandikwa kwa Kikrioli ama kwa Kiingereza, na nakala anayo? Na askari huyo akirudi Nairobi, bendera na bendi ya polisi zinamsubiri uwanjani, IPOA, mamlaka yetu ya kuwasimamia polisi, itapewa hilo faili, ama litabaki kwenye kontena la kikosi kule Haiti mpaka mtu aseme lilipotea wakati wa kuhama?